Si Ukimwi, Si Uchawi, na Si Makosa ya Mama

Wasee wa Kakamega, leo sitaki story za mpira wa Bukhungu. Nataka tuongee kuhusu midomo yetu.

Mtoto amechanjwa, kidonda hakiponi, tezi za kwapa zinafura, homa haiishi. Ama anapata TB, anatibiwa, inarudi. Mtaani hukumu iko tayari: "Huyo ni ukimwi." Vipimo vikirudi hasi, tunahamia kwa uchawi: mama ana mkosi, arudishwe kwao. Hizo ni story za jaba, na zinaua watoto.

Kuna watoto wanaozaliwa na kinga yenye pengo. Seli zao zinameza bakteria wa jamii ya TB vizuri tu, lakini ili ziwaue zinahitaji ishara inayoitwa intaferoni-gama. Jeni ya kupokea ishara hiyo ikiwa na kasoro, mdudu anakaa ndani, anazaana. Mwaka 1996 wanasayansi walitangaza kasoro hiyo kwa watoto wa Malta na mmoja wa Tunisia. Mtoto kama huyo anaweza kuangushwa hata na bakteria wanyonge wa maji na udongo, wale mimi na wewe hatuwahisi kamwe.

Sasa angalia alama kwa mkono wako wa kushoto. Hiyo ni BCG, bakteria hai waliodhoofishwa. Kwa karibu kila mtoto ni salama, na inamkinga na TB kali ya utotoni. Kwa hao wachache inaweza kusambaa mwilini. Ukitumia hii kuambia watu wasichanje, hujanielewa. Chanjeni watoto.

Ninachodai ni swali moja kabla ya sindano. Nesi aulize: "Kuna mtoto kwa hii familia alikufa mdogo, ama aliugua sana baada ya BCG?" Na sisi tujibu ukweli, tusifiche makaburi kwa sababu ya aibu.

Halafu wanaume, sikizeni. Aina nyingi za shida hii zinataka jeni yenye kasoro kutoka kwa baba na kwa mama, wote wawili, na wao wenyewe hawaumwi. Unafukuza mama peke yake kwa nini?

Ukijua boma lililozika watoto wawili kwa ugonjwa unaofanana, usiwaonyeshe njia ya kwa mganga. Andamana nao mpaka hospitali ya kaunti, na mwambieni daktari mapema: "Hii iko kwa familia."