Muscat si mbali kama tunavyodhani

Wazazi wengi huku kwetu Maramba, kijana akiaga kwenda Oman, huona kama ameihama dunia. Na tuupime umbali huo. Kutoka Dar es Salaam hadi Muscat ni takriban kilomita 4,000 kwa njia ya anga, na ndege isiyotua njiani huzimaliza kwa saa tano na nusu hivi. Basi litokalo Tanga kwenda Dar es Salaam, mwendo wa kilomita zipatazo 350, huchukua muda unaokaribia huo. Wazee wetu walisafiri kwa jahazi: waliungoja upepo wa kusi uwapeleke Uarabuni na kaskazi uwarudishe, na safari ikala wiki kadhaa.

Lakini mzazi afarikipo, sheria yetu yatuagiza kuharakisha mazishi. Mtoto aliye Muscat, hata apate tiketi siku ileile, huenda akakuta kaburi limekwisha kufukiwa. Hapo tusiulaumu umbali, bali ile miaka aliyokuwa akisema, “Nitakuja mwakani.”

Basi, enyi vijana wetu, Muscat imetutangulia kwa saa moja tu: hapa ikiwa saa tatu usiku, huko ni saa nne. Tupigieni simu baada ya Isha, na likizo ikipatikana, njooni. Nasi wazazi tusiwalaki kwa kuuliza wameleta nini, kwani kuunga udugu ni wajibu wa pande zote mbili. Mwenyezi Mungu atuwafikishe. Amin.