Pesa ya madini ifike mpaka ku mitaro ya Katuba

Mvua iko karibu. Kila mutu anayeishi Katuba ao Kenya anajua kile kinakuja nayo: mitaro imejaa masashe, maji inapanda mu barabara, inaingia mu nyumba, kiisha kuhara na malaria. Serikali ilikataza masashe kwa dekre ya mwezi wa 12, mwaka 2017. Muende ku soko muone mikate inafungiwa mu nini.

Lakini mu komini zetu kuko vijana ambao, siku ya posho asubui, wanashuka mu mutaro na koleo. Mangaribi yale masashe, pamoja na vipande vya nyaya na chupa, vimegeuka maski na nguo za teatri. Wazazi wengi wanasema: «Ile ni michezo ya batoto bale hawana kazi.» Sisi hatukubali.

Mwaka 2009, watafiti wa Université de Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji waliandika kwamba watu wanaoishi karibu na mine na viwanda vya madini wako na kobalti mingi sana mu mikojo, na watoto zaidi. Mwaka 2020 ikaandikwa tena: baba akifanya kazi ya madini, hatari inaongezeka kwamba mutoto atazaliwa na kilema. Yote hii ilitoka mu Kiingereza, mu magazeti ya wanganga. Nani ataileta mu parsele? Teatri ya dakika 15 inaweza. Baba anafika toka kazini, mama anamukataza kushika mutoto mbele ya kuvua shati yenye vumbi, baba anakasirika, watu wote wa avenue wanacheka. Kesho yake ile shati inafuliwa peke yake.

Na sanaa si kitu cha kigeni kwetu. Mwaka 1946, mu muji huu huu, Romain-Desfossés alifungua Hangar. Bela, aliyekuwa mulinzi, alichora pale na vidole vyake. Samaki, ndege na miti ya inchi hii vilifika mbali kupitia mikono ya watu wa hapa. Tangu 2008 tuko na Biennale, wageni wanapanda ndege kuja kuiangalia. Mutoto wa Katuba, yeye, anatafuta pesa ya taksi.

Basi tuseme juu ya pesa. Kode ya madini iliyogeuzwa mwaka 2018 inasema: ku kodi ya redevansi, 25 % ni ya provensi, 15 % ni ya komini ao sekta kwenye mine iko. Tena kampuni inapaswa kuweka 0,3 % ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wa pale. Vizuri. Lakini mufanyakazi analala Katuba, mine iko fasi ingine. Vumbi inarudia naye ku nyumba, ile 15 % inabakia kule. Ndiyo maana tunaomba provensi itoe ku ile 25 % yake: brueti, glavu, rangi, nyumba moja ya kufanyia repetisyo, na mushahara wa mwezi kwa yule anayefundisha. Projet ya miezi 6, na tisheti mupya na foto, tumeona za kutosha; ikiisha, vijana wanarudia kuosha mawe mu mutoni.

Vikundi nabyo visijifiche. Kuko wale wanaosafisha tu fasi kamera iko, na kuko wakubwa wa kikundi ambao buku ya pesa yao hakuna mutu ameiona. Mutu anayeomba pesa ya watu wote afungue buku.

Wajumbe wa sendika, ninyi munaokaa ku meza moja na wakubwa wa kampuni, muweke jambo hili pamoja na la mushahara. Wadeputé wa provensi wanajua njia ya Katuba wakati wa kura. Mukawaulize wakati wa bajeti.

Na ninyi bababa na bamama, mutoto akiomba ruhusa siku ya posho, mumuache aende. Lakini mumuvalishe viatu: mu ile mitaro kuko vipande vya chupa.