MAKAPI YA MAFUTA NAYO NI MALI

Nchi inayonunua dizeli yake yote ng'ambo haina udhuru wa kutupa kitu kiwezacho kuendesha injini. Tunasema hivyo leo kwa sababu ya makapi ya viwanda vya kusafisha mafuta ya kula.

Mafuta ghafi ya alizeti, kama yale ya Singida na Dodoma, yana asidi. Kiwanda huyatia kostiki soda ili kuiondoa, na kinachobaki ni tope zito la sabuni lenye mafuta ndani yake. Likimwagwa, huziba mifereji na kuharibu maji. Likitiwa asidi kali, mafuta yake hujitenga. Mafuta hayo yakipikwa na methanoli, kwanza kwa asidi ya salfuriki, kisha kwa kostiki soda, huwa dizeli, na glisirini hupatikana pembeni. Mwenye kuigeuza taratibu hiyo akaanza na kostiki atapata sabuni, siyo dizeli. Wala jambo lenyewe si geni: mwaka 1900, katika Maonyesho ya Paris, injini ya Rudolf Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya karanga.

Watauliza wengine: kwa nini tusilime mimea ya dizeli? Hayo tumekwisha kuyaona. Katika miaka ya 2000 mashamba makubwa ya mbono kaburi yalianzishwa Kisarawe na kwingineko. Yalikwama, na wanavijiji waliotoa ardhi wakabaki hawana ardhi wala kazi. Ardhi ni ya chakula. Mafuta safi ni ya sufuria, maana hata hayo bado tunayaagiza. Injini na ipewe makapi.

Lakini makapi nayo yana wenyewe. Wapo mafundi wadogo wa sabuni wanaoyategemea, na dizeli isiwapokonye riziki. Rai yetu ni hii: sabuni kwanza, dizeli baadaye. Halmashauri, mafundi na wenye viwanda wakae pamoja, wapime kinachosalia. Kazi ifanyike kiwandani mbele ya wataalamu, si uani kwa mtu, kwa kuwa methanoli ni sumu na hushika moto upesi. Dizeli itakayopatikana ianze na majenereta na malori ya viwanda vyenyewe.

Hatudai kwamba itatosheleza taifa, haitatosheleza. Lakini haba na haba hujaza kibaba, na israfu haijapata kumtajirisha mtu.