Msamaha wa Maskini na Mlipaji Wake

Tangu mwaka 1993, serikali ya Tanzania ilipoanza kuwataka wananchi wachangie gharama za matibabu katika hospitali za umma, haikukosekana kanuni ya kuwasamehe wasiojiweza; na leo hii wajawazito, watoto wa chini ya miaka 5, wazee wasio na uwezo waliotimiza miaka 60, na mafukara wengineo, wote wamo katika orodha ya wasiotozwa. Muradi wake ni mwema, wala hapana mwenye insafu atakayeupinga.

Walakini na tuyatazame mambo yalivyo zahanatini. Mzee huja na barua ya mtendaji wa kijiji, yenye muhuri, ya kuthibitisha ufukara wake. Hupishwa mbele kwa heshima, huonwa na tabibu bila ya kutoa hata senti, kisha hukabidhiwa karatasi na kuambiwa kwamba dawa zimekwisha, akanunue dukani. Hapo msamaha wake hukoma, na aghalabu hurudi nyumbani na karatasi ile ile na maradhi yale yale.

Si haki kumlaumu mganga mfawidhi, kwani kila dawa anayomtolea aliyesamehewa huondoka stoo bila ya kuacha fedha ya kununulia nyingine, na zahanati inayosamehe wengi ndiyo inayofilisika upesi. Wala Mfuko wa Afya ya Jamii, ulioanza kujaribiwa Igunga mwaka 1996 na kupewa sheria mwaka 2001, haukuiondoa taabu hiyo, maana asiyekuwa na fedha ya dawa siku anapougua, hususan kabla ya mavuno, hawi nayo ya kulipia mchango wa mwaka mzima.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imekiri jambo hilo kwa kuweka mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo. Dhima iliyobaki ni kuujaza mfuko huo, na kuhakikisha kwamba fedha zake zinaifikia zahanati kabla ya mgonjwa. Kwa hiyo waheshimiwa wabunge, kila wanapoijadili bajeti ya afya, waulize kwanza fungu la maskini ni kiasi gani na limetolewa lini. Na wakiambiwa kwamba halijatolewa, wasiipitishe bajeti hiyo.