Hati ya Betri ya Sola Isiishie Bandarini



Natoa maoni yangu juu ya betri za kuhifadhia umeme wa sola, ambazo siku hizi zimeingia katika nyumba nyingi, mijini na vijijini.

Sina ugomvi na betri hizi. Zimewatoa watu wengi katika koroboi na moshi wa jenereta, na mgao wa umeme wa mwaka 2023 uliwafanya hata wateja wa TANESCO wazitafute. Lakini kitu kinachowekwa karibu na kitanda cha mtoto hakina budi kuulizwa hati yake. Betri ya lithiamu ya volti 51.2 na ampea-saa 100, ambayo ni saizi ya kawaida ya nyumba, hubeba uniti 5 za umeme. Ikiwa nzima, huzitoa taratibu usiku kucha. Ikiharibika ndani, seli moja hupata joto la kupindukia na kutoa gesi yenye sumu inayoweza kuwaka, kisha joto hilo huenda kwa seli ya pili na ya tatu. Moto wa namna hiyo unaweza kudhaniwa umezimika, kumbe ukawaka tena baada ya saa kadhaa.

Mnunuzi akiuliza dukani habari za usalama huonyeshwa karatasi yenye mihuri, naye huridhika. Ni vizuri wananchi wajue kwamba karatasi hizo hazisemi jambo moja. Ile inayoitwa UN 38.3 huthibitisha kuwa betri inaweza kusafirishwa salama. Haisemi lolote juu ya kukaa ukutani miaka kumi. Alama ya CE ni tamko la mtengenezaji kwamba ametimiza sheria za Ulaya, na kwa bidhaa nyingi hakuna mtu wa nje aliyempima. Kiwango cha IEC 62619 hupima usalama wa betri yenyewe. Huko Marekani kiwango cha UL 9540 hupima mfumo mzima, yaani betri pamoja na inveta yake. Lipo pia jaribio la UL 9540A, ambalo seli huharibiwa kwa makusudi ili ionekane kama moto utaenea au utaishia hapo hapo.

Tofauti hiyo inatuhusu sana, kwa sababu hapa kwetu mfumo hukusanywa vipande vipande: betri duka hili, inveta duka lile, nyaya na swichi kwa fundi. Kila kipande kinaweza kuwa na hati safi na nyumba bado ikaungua. Mathalani, fundi akifunga kwenye waya wa DC swichi ya kukatia umeme iliyotengenezwa kwa AC, swichi hiyo inaweza kushindwa kuzima cheche. Umeme wa AC hupita sifuri mara 100 kila sekunde, na hapo cheche hupata nafasi ya kufa. Umeme wa DC haupumziki.

Halafu kuna suala la mahali. Australia na New Zealand, kwa kiwango chao cha mwaka 2019, hawaruhusu betri hizi kufungwa katika vyumba vya kuishi watu. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2024 unakataza vyumba vya kulala, ngazi na njia za kukimbilia moto. Sisi tunaziweka sebuleni au chumbani kwa kuogopa wezi, na mara nyingi karibu na mlango tunaoutegemea kutokea.

Wako watakaosema kwamba masharti yataongeza bei. Hoja hiyo ina uzito. Mwananchi akishindwa bei ya betri yenye hati hatarudi kwenye koroboi. Atanunua ile iliyoungwa kichochoroni kwa seli chakavu. Lakini rahisi ghali, na atakayelipa gharama hiyo si yule aliyemuuzia. Kwa hiyo nashauri yafuatayo.

Kwanza, Shirika la Viwango (TBS) lisidai kila aina ya betri ipimwe upya hapa nchini. Lipokee majibu ya maabara zinazotambulika kimataifa, lihakikishe kuwa si ya kughushi, kisha litangaze kwa Kiswahili orodha ya betri na inveta zinazokubaliana. Utaratibu wa kukagua bidhaa kabla hazijasafirishwa upo tangu mwaka 2012. Sasa matunda yake yamfikie mnunuzi dukani, yasiishie bandarini.

Pili, EWURA, ambayo hutoa leseni kwa mafundi wa umeme, ishirikiane na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kutoa mwongozo mfupi wa mahali pa kufunga betri, na fundi aache kwa mwenye nyumba karatasi yenye saini yake.

Tatu, wauzaji waandike namba ya kila betri na jina la aliyeinunua. Hati peke yake haitoshi. Mwezi Desemba 2020 Marekani ilitangaza kurudishwa kwa betri za nyumbani za LG kwa hatari ya moto, na mwaka 2021 tangazo hilo likapanuliwa kufikia betri zipatazo 10,000. Zilitoka kiwanda kinachojulikana, hata hivyo kasoro ilikuwamo. Zingekuwa zimeuzwa bila risiti wala namba, wenye nyumba hizo wangetafutwa wapi?

Nawasihi wananchi wenzangu wasingoje sheria. Kabla hujalipa, uliza kama karatasi unayoonyeshwa ni ya safari, ya betri au ya mfumo mzima, nawe dai risiti yenye namba. Muuzaji asiyeweza kukujibu, mwachie betri yake.

Mpenda Usalama,
Morogoro.