"Haki ya Mungu!": Kiapo Kinywani mwa Mkristo



Miaka kadhaa iliyopita, katika parokia niliyotumikia kabla ya kuja hapa, walinijia ofisini waumini wawili wa jumuiya moja ndogo ndogo, wakisindikizwa na mwenyekiti wao. Ugomvi wao ulihusu fedha za mfuko wa jumuiya. Mmoja alisema amemkabidhi mwenzake. Mwenzake alikana kupokea. Hapakuwa na hati wala shahidi. Hawakuja kuomba upatanisho. Waliniomba niwafungulie kanisa, niweke Biblia juu ya altare, kila mmoja aiwekee mkono na kuapa, ili Mungu mwenyewe amwumbue mwongo.

Nilikataa. Mmoja aliondoka amenuna, na baadaye nikasikia ikisemwa kwamba padre anamlinda mwizi. Kwa kuwa maombi ya namna hiyo yamenifikia hata hapa kwetu, naona vema nieleze sababu zangu.

Kuapa ni kumwita Mungu awe shahidi wa ukweli wa maneno yetu. Katika hotuba ya mlimani (Mt 5:33-37) Bwana wetu anatuambia tusiape kabisa, bali ndiyo yetu iwe ndiyo na siyo yetu iwe siyo. Mtakatifu Yakobo anarudia fundisho hilo (Yak 5:12). Hata hivyo Mtakatifu Paulo, akiwaandikia Wagalatia, anamwita Mungu kuwa shahidi kwamba hasemi uongo (Gal 1:20). Kwa sababu hiyo Kanisa halikatazi kiapo kinachotolewa kwa jambo zito na la haki, kama vile mahakamani (Katekisimu, na. 2154). Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1199, inadai mambo matatu: kiapo kitolewe katika ukweli, kwa busara na kwa haki.

Basi, kwa nini niliwakatalia wale wawili? Kwa sababu hawakutafuta shahidi, walitafuta laana. Walitaka altare ifanye kazi ambayo wengine huiendea kwa mganga. Tena tufikiri: kama wote wawili wangeapa, mmoja angeongeza juu ya uongo wake dhambi kubwa zaidi ya kiapo cha uongo, akisukumwa na aibu mbele ya watu. Na baada ya hapo? Kama mwongo asingepatwa na neno, jumuiya ingemtangaza mtu safi. Na kama mtoto wa yule mkweli angeugua malaria mwezi uliofuata, majirani wangesema, "Si mnaona?" Huko si kumheshimu Mungu, ni kumjaribu.

Ukweli kuhusu zile fedha haukujulikana hadi nilipohamishwa. Yule aliyenuna alikaa karibu mwaka mzima bila kuhudhuria jumuiya, na jambo hilo liliniumiza. Lakini jumuiya ilinunua daftari la stakabadhi, na tangu siku ile kila shilingi ikawa na sahihi mbili.

Ndugu zangu, kiapo kile kikubwa kilizaliwa na viapo vidogo vidogo. Mtoto akitamka tusi nyumbani, anachapwa papo hapo. Lakini mtoto huyo huyo akigombea gololi na kusema "Haki ya Mungu!", au "Mungu mmoja!" huku akinyoosha kidole juu, nani humkemea? Ametusikia sisi wazazi. Sokoni muuza vitenge anaapa kwamba bei hiyo haimpi faida hata senti, na mnunuzi anaapa kwamba hana zaidi ya alichoshika. Wote wawili wanajua kwamba si kweli. Jina tunaloomba litukuzwe kila tusalipo Baba Yetu, tunalitumia kupunguziana bei! Kwa maoni yangu, tabia hiyo inastahili kukemewa kuliko tusi la mtoto, ingawa katika kutafiti dhamiri wengi hukumbuka matusi na kulipita Jina.

Tatizo hili si geni. Mwaka 387, wakati wa Kwaresima, Mtakatifu Yohane Krisostomo, aliyekuwa bado padre huko Antiokia, aliwahubiria watu wake siku baada ya siku waache mazoea ya kuapa. Mtakatifu Augustino naye, akiwa askofu, alikiri mbele ya waumini wake kwamba hata yeye aliwahi kuwa mtumwa wa mazoea hayo. Ungamo lake linanipa moyo, maana wasemavyo wahenga, ulimi hauna mfupa. Mimi siapi ovyo, lakini nimewahi kupigiwa simu na watu wanaonisubiri kigangoni, nikajibu "nipo njiani" hali bado natafuta ufunguo wa pikipiki. Padre asemaye hivyo anawafundisha waumini kutoamini ndiyo yake. Na pale ambapo ndiyo haiaminiki, kiapo kinaota kama magugu.

Mtazameni Mtume Petro uani kwa kuhani mkuu. Mara ya kwanza alikana tu. Mara ya pili alikana kwa kiapo. Mara ya tatu akaongeza na laana (Mt 26:69-74). Kadiri alivyojitenga na ukweli, ndivyo alivyohitaji maneno makali zaidi. Mkweli hana haja ya kupaza sauti.

Nawaomba basi mambo mawili juma hili. Kwanza, kila unapojikuta umesema "haki ya Mungu" bure, nyamaza kidogo, uliheshimu Jina hilo moyoni, kisha useme jambo lako upya bila kiapo. Pili, kama umemwahidi mtu kitu, iwe deni, zamu ya usafi kanisani au saa ya kufika, itimize ahadi hiyo kabla ya Dominika. Jirani akikuamini bila kukuapisha, Jina la Mungu limetukuzwa.

Mungu awabariki, nanyi mniombee ulimi wangu.

Padre wenu.