Mlango wa Chuma Hauna Akili

Kila nikiposti kitu kuhusu ndege, lazima msee mmoja aandike: "Relax, mlango wa rubani siku hizi hata risasi haipiti." Sawa. Na ukifungwa kutoka ndani na mtu mwenye nia mbaya, nani ataufungua?

Tuanze na ndege iliyokuwa inakuja hapa kwetu. 29 Desemba 2000, Boeing 747 ya British Airways ilikuwa imetoka London ikija Nairobi, karibu watu 400 ndani. Abiria mmoja aliyekuwa mgonjwa akili ikamruka, akaingia kwa marubani na kuvamia usukani. Ndege ikaporomoka maelfu ya futi, nje giza. Wafanyakazi na abiria wakamvuta, ndege ikatua Nairobi salama. Mlango haukumzuia. Dunia iliamka Septemba 2001, baada ya mashambulizi ya Marekani. Hapo ndipo milango ikaimarishwa na kufungwa safari nzima.

Poa. Sasa sikia upande wa pili.

29 Novemba 2013, ndege ya LAM ya Msumbiji, Maputo kwenda Luanda. Rubani msaidizi alienda choo. Kapteni akamfungia nje na kuiangusha ndege Namibia. Watu 33. Halafu 24 Machi 2015, Germanwings, Barcelona kwenda Düsseldorf. Hapa kapteni ndiye alitoka. Alibisha, akaita, akapiga mlango kwa nguvu. Wapi! Watu 150 wakafia kwenye milima ya Alps, Ufaransa.

Eti kuna namba ya dharura ya kubonyeza nje? Ipo. Lakini aliye ndani akiweka swichi kwa "funga", namba haisaidii. Imeundwa hivyo makusudi, ndio gaidi akimlazimisha mhudumu ataje namba, bado abaki nje. Mlango haujui nani gaidi, nani kapteni.

Dawa haihitaji chuma kingine. Rubani mmoja akitoka, mhudumu aingie, mtu asibaki peke yake. Marekani walikuwa wanafanya hivyo kabla ya Germanwings. Ulaya ikapendekeza 2015, ikalegeza 2016, na 2017 kampuni za Ujerumani zenyewe zikaacha. Sababu? Eti mlango unafunguliwa mara nyingi zaidi, na mhudumu pia anaweza kuwa hatari. Bana, mhudumu pale ndani kazi yake ni moja tu: kapteni akibisha, kuwe na mkono wa pili wa kufungua. Hii iwe sheria kila nchi, isiachiwe hiari ya kampuni.

Na kuna kitu kigumu zaidi. Yule wa Germanwings, daktari alikuwa amemwandikia asiende kazi. Akaficha. Watu wengi wenye msongo hawamdhuru yeyote, hiyo tuelewane. Lakini kama kusema "siko sawa" kunamaanisha leseni iende na mshahara uende, nani atasema? Tunajua hiyo kimya, hata huku chini. Rubani apewe likizo, matibabu na njia ya kurudi kazini, ndio asiwe na sababu ya kudanganya.

Kwa hivyo ukikata tiketi, usiulize tu kuhusu mizigo. Uliza kampuni: rubani akienda choo, nani anabaki ndani?